Wanyama ni wa umma, lango ni la mtu: jinsi wawindaji wa kipato cha kawaida tunavyokosa mahali pa kuwindia Marekani

Mnyamwezi wa Houston (mwanzisha uzi):

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mwezi Februari mwaka huu nilipanda ngazi ya futi 15 katika msitu wa misonobari wa mashariki mwa Texas nikiwa na spana mkononi, nikafungua nati moja baada ya nyingine mpaka dungu langu la kuwindia likashuka chini. Mnyororo uliolishikilia ulikuwa umekwisha kuzama ndani ya gome, maana mti ule ulikuwa umenenepa kwa miaka 11 tangu tulipoufunga, ikabidi niukate kwa msumeno wa chuma. Tulikuwa wanachama wanane katika kikundi chetu, na tulipewa siku 14 tuondoe kila kilicho chetu: madungu, mapipa ya kulishia mahindi, meza ya kuchunia, hata viti vya kuotea moto. Mmiliki mpya wa msitu ule alituletea mkataba uliopandisha mchango wa kila mmoja kutoka dola 650 hadi dola 1,900 kwa mwaka. Kati yetu wanane, ni wawili tu waliokuwa na uwezo wa kuutia sahihi, na wawili hawawezi kubeba mzigo wa wanane.

Naandika uzi huu kwa sababu ndugu zetu wengi, walio nyumbani na hata walio huku, hudhani kwamba katika nchi kubwa namna hii mtu huchukua bunduki yake na leseni yake akaingia msitu wowote anaoutaka. Hali sivyo ilivyo, na inazidi kuwa ngumu kila mwaka kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa saa kama mimi.

Nianze na sheria, kwa kuwa hapo ndipo kitendawili kilipo. Katika sheria za Marekani, kulungu anayelala ndani ya shamba la mtu si mali ya mwenye shamba. Mnyama wa porini ni wa wananchi, na serikali ya jimbo humsimamia kama mdhamini wao. Waliojenga kanuni hiyo walikuwa wakikumbuka Uingereza, ambako kulungu alikuwa wa mfalme na mabwana wakubwa, na mtu wa kawaida aliyekamatwa naye aliadhibiwa vikali. Kwa hiyo leseni ya uwindaji hutolewa na jimbo, na kwa mkazi wa Texas leseni ya kawaida ni dola 25 tu. Mwenye shamba, hata awe na ekari 50,000, naye hulazimika kuwa na leseni na kufuata msimu uleule tunaoufuata sisi.

Lakini ardhi ni yake. Zaidi ya asilimia 95 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi na kampuni, na kuingia humo bila ruhusa ni kosa la jinai. Basi mimi nina haki juu ya mnyama na sina haki juu ya njia ya kumfikia. Leseni ya dola 25 bila ruhusa ya kupita langoni ni karatasi ya kukaa nayo mfukoni.

Zamani pengo hilo lilizibwa na ujirani. Mzee aliyenifundisha kuwinda, ambaye alikuwa msimamizi wangu wa zamu kiwandani, aliniambia kwamba katika ujana wake alikuwa akibisha hodi kwa mkulima mwezi wa tisa, anamsaidia kunyoosha seng'enge siku moja au mbili, na mwezi wa kumi na moja anaruhusiwa kuingia. Akipata mnyama, paja moja huenda jikoni kwa mwenye shamba. Baadaye mikataba ya kukodi ikaenea, na Texas ndiyo iliyokuwa mbele kuliko majimbo mengi katika jambo hilo. Hata hivyo bei zilikuwa za kibinadamu. Kampuni za karatasi zilizomiliki misitu mikubwa ya kusini zilikodisha kwa vikundi vya wenyeji kwa bei nafuu, kwa sababu faida yao ilitoka kwenye magogo, na wawindaji waliwafaa kwa kuangalia moto, wezi wa miti na watupa taka.

Kisha kampuni hizo zikaanza kuuza ardhi. Mauzo yaliyotikisa zaidi yalikuwa ya mwaka 2006, pale International Paper ilipouza takriban ekari milioni 5.1 za misitu yake ya Marekani kwa dola zipatazo bilioni 6.1, na sehemu kubwa ikaingia mikononi mwa mifuko ya uwekezaji. Mwekezaji huitazama kila ekari kwa jicho la mapato: magogo ni mapato, haki ya kupitisha bomba ni mapato, na uwindaji nao ni mapato. Kaskazini Magharibi mwa nchi mambo yalikwenda njia hiyohiyo. Katika miaka ya 2010 kampuni ya Weyerhaeuser ilianza kuuza vibali vya kuingia katika misitu yake ya jimbo la Washington, misitu ambayo wenyeji walikuwa wameizoea kuingia bure tangu enzi za babu zao.

Juu ya hayo wamekuja madalali. Dalali hukodi eneo zima kutoka kwa mwenye ardhi, kisha huliuza vipandevipande kwa wikiendi, na mteja wake ni mtu anayetafuta pembe kubwa za kutundika ukutani. Mimi ninayetafuta majike wawili wa kujaza friza siwezi kushindana naye.

Ningependa kusikia kutoka kwa wengine mliopitia haya.

Mwana Sikonge:

Mkuu, nimekusoma kwa makini nikiwa huku Tabora. Swali langu ni moja. Ikiwa wanyama ni wa umma, kwa nini serikali isimlazimishe mwenye ardhi afungue njia? Nauliza kwa sababu kwetu hali ni kama imegeuzwa. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema hivyo, na wanyamapori vilevile ni wa umma. Hata hivyo vitalu vya uwindaji hukodiwa na kampuni, na tangu mwaka 2019 vimekuwa vikinadiwa kwa mtandao. Mwanakijiji wa kwetu, ambaye babu yake aliwinda kwa upinde kati ya msimu wa asali na msimu wa kilimo, hana fedha za kuingia kwenye mnada. Inaonekana ardhi iwe ya mtu au ya umma, mwisho wake ni bei.

Mnyamwezi wa Houston:

Ndugu yangu wa nyumbani, umegusa pale panapouma. Serikali hailazimishi kwa sababu Katiba ya Marekani inailinda mali ya mtu kwa nguvu kubwa, na haki ya kumzuia mwingine asiingie ndiyo moyo wa umiliki kwa mawazo ya watu wa huku. Lakini kuna kesi moja iliyogusa swali lako moja kwa moja, nami nimeifuatilia tangu ianze.

Katika jimbo la Wyoming kuna eneo pana ambalo ramani yake ni kama ubao wa drafti. Asili yake ni miaka ya 1860, serikali ilipozipa kampuni za reli viwanja vya maili moja ya mraba kwa kupishana: kimoja cha reli, kinachofuata cha serikali, na kuendelea hivyo kandokando ya njia ya treni. Viwanja vya reli vikauzwa kwa watu binafsi, na vya serikali vikabaki vya umma. Matokeo yake ni kwamba viwanja vingi vya umma vinagusana na vingine kwenye pembe tu, na pande zote nne vimezungukwa na ardhi ya mtu.

Mwaka 2020 wawindaji kutoka Missouri walifika kwenye mlima uitwao Elk Mountain. Penye pembe walikuta nguzo mbili za chuma zilizofungwa mnyororo pamoja na bango la kukataza kuingia. Wakazishika nguzo, wakajizungusha mpaka upande wa pili bila kukanyaga ardhi ya ranchi. Mwaka 2021 walirudi wakiwa wanne na ngazi waliyoiunda wenyewe: wakaisimamisha juu ya pembe, wakapanda kutoka ardhi ya umma, wakashukia ardhi ya umma. Mwenye ranchi, mfanyabiashara wa dawa za hospitali anayeitwa Fred Eshelman, alilalamika kwamba wamekata hewa iliyo juu ya ardhi yake. Walishitakiwa kwa jinai, na baraza la wazee wa mahakama la mji wa Rawlins likawaachia huru mwezi Aprili 2022. Eshelman akawafungulia kesi ya madai ya mamilioni ya dola. Jaji wa mahakama ya shirikisho akawapa ushindi wawindaji mwaka 2023, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Kumi ikaukubali uamuzi huo mwezi Machi 2025, na mwezi Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa yake. Msingi wa hukumu ulikuwa sheria ya mwaka 1885 inayokataza kuizungushia ardhi ya umma uzio na kuwazuia watu wasiifikie.

Wanaume wanne na ngazi! Siku ile Mahakama Kuu ilipokataa nilimpigia simu yule mzee wangu, akanyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba hakutarajia kuishi mpaka aone jambo hilo.

Hata hivyo hukumu hiyo inayafunga majimbo sita tu ya kanda hiyo, nayo inahusu ardhi ya umma iliyozingirwa. Sisi wa Texas, na wenzetu wengi wa kusini na mashariki, hatuna ubao wa drafti. Tuna ardhi ya watu pande zote, na hakuna pembe ya kuvukia. Ndiyo maana nasema tatizo letu haliwezi kumalizwa mahakamani.

Mke wa Mfugaji:

Shikamoo kaka, na poleni kwa kupoteza eneo lenu. Naomba nami nizungumze, kwa kuwa nimeolewa katika familia yenye ranchi ya ekari 600 katika vilima vya kati ya Texas, na nyuzi kama huu husomeka kana kwamba sisi wenye lango ni wachoyo.

Miaka mitatu ya kwanza ya ndoa yangu, baba mkwe alikuwa akiruhusu watu bure kama ulivyosimulia. Usiku mmoja wa Novemba mgeni aliacha lango wazi, na ng'ombe 14 wakatoka hadi barabara kuu. Tulikimbizana nao gizani kwa tochi mpaka saa kumi alfajiri, na mmoja aligongwa na gari. Mwaka uliofuata tulikuta tangi la maji ya mifugo limetobolewa kwa risasi. Hakuna aliyekuja kusema "ni mimi, nisameheni".

Ukame nao unapokuja, nyasi zinaisha na tunanunua malisho ya marobota. Kodi ya ardhi haisubiri mvua. Ni kweli kwamba tangu wananchi wa Texas walipopiga kura mwaka 1995, mtu anaweza kubaki kwenye kiwango cha kodi cha kilimo kwa kutunza wanyamapori, na unafuu huo umetuokoa. Lakini fedha za wawindaji wanaokodi kwetu ndizo zinazofanya tusiuze. Jirani yetu alikufa, watoto wake wakagawana, wakauza; leo kuna nyumba 30 mahali ambapo nilikuwa nikiona kulungu wakinywa maji. Hapo hakuna tena wa kuwinda, awe tajiri au maskini.

Sisi tunao wageni walewale kwa miaka tisa na hatujawapandishia sana. Ila kila mwaka dalali hutupigia akitaja bei mara tatu ya wanayolipa, na mume wangu hukata simu. Sijui watoto wetu nao watakata.

Mnyamwezi wa Houston:

Marahaba dada yangu, na nakushukuru kwa kusema bila kuficha. Habari ya ng'ombe 14 imenisononesha, kwa sababu aliyeacha lango lile wazi alitufungia sisi sote malango mengi ambayo hatuyajui. Katika kikundi chetu kanuni ya kwanza ilikuwa hiyo: lango uliache kama ulivyolikuta. Aliyelisahau hakuwinda wiki hiyo, na mzee wetu alijipa adhabu hiyo mwenyewe mwaka mmoja.

Sina ugomvi na familia kama yenu. Mkulima aliyeko ardhini mwake anamjua mwindaji wake kwa jina, na mkataba wao unaweza kuhimili hata mwaka mbaya. Ninachokilalamikia ni ardhi inayomilikiwa na mtu asiyeijua, anayetuona sisi wanane kama tarakimu katika jedwali. Barua tuliyopokea haikuwa na jina la mtu wa kuzungumza naye. Tulipiga simu mara nne, tukaambiwa tutume maombi kwenye tovuti.

Na dawa ipo, imekwisha kujaribiwa. Kansas ilianzisha mwaka 1995 mpango ambao jimbo lenyewe hukodi ardhi kwa wakulima, kisha hubandika alama kwenye uzio, na yeyote mwenye leseni huingia kwa miguu bila kulipa zaidi. Mpango huo sasa una zaidi ya ekari milioni moja. Montana ina wake ulioanza mwaka 1985, wenye karibu ekari milioni 7: mwenye ardhi hulipwa kulingana na idadi ya wawindaji anaowapokea, jimbo huweka mabango na askari wa wanyamapori wa kupita, na mwindaji haombwi senti langoni. Tangu sheria ya kilimo ya mwaka 2008, serikali ya shirikisho nayo hutoa ruzuku kwa majimbo yenye mipango ya namna hii. Mkulima anapata chake, na akiharibiwa uzio anajua ofisi ya kupeleka malalamiko.

Wala si kwamba tunaomba sadaka. Chini ya sheria ya mwaka 1937 inayoitwa Pittman-Robertson, kila bunduki ndefu na kila risasi inayouzwa nchini humu hutozwa ushuru wa asilimia 11, na fedha hizo huenda kwenye majimbo kwa kazi ya kutunza wanyamapori. Nikinunua kiboksi cha risasi 20 nimekwisha kuchangia. Naona ni haki sehemu kubwa zaidi ya fedha za uwindaji irudi kufungua ardhi kwa mtu wa kawaida. Texas ina mpango mdogo wa aina hiyo, hasa mashamba ya kuwindia hua mwezi wa tisa. Kwa kulungu, tuko nyuma sana.

Msomaji Kimya:

Samahani nikiuliza jambo linaloweza kuwaudhi. Nyama ipo dukani, na wanyama wakiachwa watapumzika. Kuna hasara gani uwindaji ukibaki kwa matajiri wachache?

Mnyamwezi wa Houston:

Hujaniudhi, ndugu. Texas ina zaidi ya kulungu milioni 5 wa mkia mweupe, na mbwa mwitu waliokuwa wakiwapunguza waliangamizwa zamani. Wakizidi, hula machipukizi yote mpaka vichaka havina kitu chini ya urefu wa shingo ya mnyama, kisha hukonda na kufa kiangazi kikija. Anayelipa maelfu ya dola huja kwa ajili ya dume mmoja mwenye pembe. Anayepiga majike, ambao ndio huongeza idadi, ni mtu wa friza kama mimi.

Kuhusu nyama: jike mmoja hunipa kilo 15 hadi 20 za mnofu. Mke wangu huchemsha mifupa kwa tangawizi na pilipili manga, na minofu ya mgongoni tunaibanika. Wanangu wawili wamekua wakijua kwamba nyama ile ilikuwa na macho, kwa kuwa walikuwepo ilipochunwa na wakashika miguu. Kijana wangu mkubwa ana miaka 13. Alikuwa apande dunguni peke yake kwa mara ya kwanza Novemba hii, na dungu lenyewe sasa limelazwa nyuma ya gereji.

Mama Wawili Dallas:

Kaka, pole sana. Mimi na mume wangu tungependa kuanza, lakini baada ya kusoma haya naona kama mlango umekwisha kufungwa. Je, kuna mahali tunapoweza kwenda bila mkataba wa kukodi?

Mnyamwezi wa Houston:

Dada, pako, ila panataka subira. Leseni za mwaka mpya huanza kuuzwa tarehe 15 Agosti. Pamoja na leseni, nunueni kibali cha mwaka cha maeneo ya umma ambacho ni dola 48. Kinafungua takriban ekari milioni moja katika jimbo zima, ingawa nyingi ziko mbali na miji. Yeyote aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada yake ni lazima apite mafunzo ya usalama wa uwindaji, basi yamalizeni mapema. Ziko pia nafasi za bahati nasibu katika hifadhi za jimbo: mnaomba mtandaoni, na mkikosa mwaka huu mnaongezewa uzito mwaka ujao. Msiache kuomba kwa sababu ya kukosa mara moja.

Kuna misitu minne ya taifa mashariki mwa Texas: Sam Houston, Davy Crockett, Angelina na Sabine. Sam Houston ndio ulio karibu nami, na ndiko nitakakompeleka kijana wangu. Siku ya ufunguzi utakuta magari yamejipanga kandokando ya barabara ya changarawe kabla ya alfajiri, na ukikaa mahali unasikia mwenzako akikohoa. Vaeni fulana na kofia za rangi ya machungwa inayong'aa, kwa kuwa ni amri katika maeneo ya umma na kwa kuwa hamtakuwa peke yenu. Tembeeni mwendo wa zaidi ya nusu saa kutoka barabarani. Wengi hawafiki huko.

Mzee wangu hawezi tena mwendo huo, ana miaka 76 na goti limekufa ganzi. Kule msituni kwetu alikuwa akifika dunguni kwa gari mpaka chini ya mti. Nimekwisha kwenda kuuangalia Sam Houston mara mbili kumtafutia mahali penye njia nzuri na kisiki cha kukalia, na nimepata mahali karibu na kijito, mita 200 kutoka maegesho. Hapafai sana kwa kulungu, maana watu wanapita. Nimemwambia hivyo. Amesema atakuja, nimwekee kiti.

Mke wa Mfugaji:

Kaka, nimezungumza na mume wangu jana usiku. Wageni wetu huwinda mpaka mwisho wa Novemba, na Desemba tunahitaji kupunguza majike. Mlete mzee na kijana wikiendi moja. Gari linafika mpaka chini ya mti. Nitakuandikia faraghani jinsi ya kufungua lango, na jinsi ya kulifunga.